UZI: Taa za zenoni (HID) kwenye gari, jinsi ya kuzifanyia kazi bila kupigwa shoti na bila kupofusha wanaokuja mbele

FundiWaya

Wakuu, salaam.

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar na Mombasa kutoka Japani huja na taa za zenoni, zile zinazoanza kwa rangi ya samawati kisha zinakolea kuwa nyeupe. Kwenye gereji nyingi zinashikwa kama globu ya H4 (halojeni ya kawaida, yenye waya unaowaka): taa inawaka, mkono unaingia nyuma, plagi inatikiswa kuona kama imelegea. Kwa H4 utaungua kidole. Kwa zenoni hiyo ni hatari ya aina nyingine kabisa, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Ndani ya globu ya zenoni hakuna waya unaowaka. Kuna ncha mbili za chuma zinazotazamana, katikati nafasi ya milimita 4 hivi, ndani ya kichupa kidogo cha kioo cha kwatsi chenye gesi ya zenoni na chumvi za metali. Mwanga unatokana na umeme unaoruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Volti 12 za betri haziwezi kuruka nafasi hiyo. Kwa hiyo balasti, lile boksi linalolisha globu umeme, inapandisha umeme hadi volti mia kadhaa, kisha kiwashi kinapiga pigo fupi la hadi volti 25,000. Cheche ikishashika, balasti inashusha: globu za D1 na D2 (aina huandikwa kwenye kitako) zinaendelea kwa volti 85 hivi, za D3 na D4 kwa volti 42 hivi.

Kwa hiyo gawa kazi yako pande mbili kichwani. Upande wa kuingia balasti ni volti 12, pima utakavyo. Upande wa kutoka balasti kwenda kwenye globu haupimwi, hauguswi, hautobolewi wakati swichi imewashwa. Maltimita ya kawaida imetengenezwa kwa volti 600 au 1,000. Pigo la kiwashi litaiua, na wewe umeishika mkononi.

Kubadilisha globu kunaanza hivi. Zima taa, zima injini, toa ufunguo. Kama gari ni la kitufe, peleka ufunguo mbali, kwa sababu kuna magari yanayowasha taa yenyewe mlango ukifunguliwa au ufunguo ukisogea karibu. Toa terminali hasi ya betri. Hiyo pia inazuia feni ya rejeta kuanza kuzunguka ghafla mkono ukiwa pale, maana kwenye baadhi ya magari feni inaweza kuwaka hata ufunguo umetoka. Kisha subiri dakika 10. Kapasita za balasti zinamaliza chaji mapema kuliko hapo, lakini kioo cha globu kinafanya kazi kwa nyuzi joto mia kadhaa na hakipoi haraka kikiwa kimefungiwa ndani ya taa.

Vaa miwani ya kinga. Watu wengi wanaikumbuka kwenye jiwe la kusaga tu. Kichupa kina gesi iliyobanwa hata kikiwa baridi, na kikiwa cha moto mgandamizo unapanda mara nyingi zaidi. Kikipasuka, vipande vinaruka usoni.

Fungua kifuniko cha nyuma. Kama ni D2 au D4, plagi ya kiwashi inazungushwa kidogo kinyume cha saa kisha inavutwa moja kwa moja kwenda nyuma. Usiipinde. Kama ni D1 au D3, kiwashi ni lile boksi dogo la chuma lililoungana na globu yenyewe, unachomoa plagi ndogo tu. Legeza waya wa springi au ringi inayoshika kitako, toa globu kwa kushika kitako.

Globu mpya inatoka kwenye boksi wakati nafasi yake iko wazi tayari, si kabla. Shika kitako, kioo kisiguswe. Mafuta ya kidole yanaungulia kwenye kwatsi, sehemu hiyo inapata joto kuliko nyingine, kioo kinakuwa cheupe na baadaye kinapata ufa. Kikiguswa, futa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi na spiriti isiyo na mafuta, acha kikauke kabisa. Kitako kina vijino, kikae chenyewe bila kulazimishwa. Ule mrija mwembamba wa kauri ulio pembeni ya kioo unakaa upande wa chini.

Rudisha kifuniko na mpira wake. Mpira ukipotea, maji yatafuata.

---

BiFyuzi

Asante FundiWaya. Naongeza kuhusu herufi ya mwisho kwenye jina la globu, kama D2S au D2R, maana hapo ndipo pesa inapotea dukani.

S ni globu ya taa yenye projekta, ile ya lenzi ya duara. R ni ya taa ya reflekta, na kioo chake kina mistari myeusi iliyopakwa ili kuzuia mwanga usipande juu. Ukiweka D2S kwenye taa ya D2R, hakuna cha kuuzuia mwanga na unatawanyika kila upande. Vijino vya kitako vimetengenezwa tofauti kwa makusudi ili visiingiliane. Kuna wanaovikata kwa kisu ili globu iingie. Tafadhali msifanye hivyo.

Namba ni muhimu kuliko herufi. D1 na D2 zina zebaki. D3 na D4 hazina. Zote ni wati 35, na hesabu iko wazi: wati 35 kwa volti 85 ni kama amperi 0.4, kwa volti 42 ni kama amperi 0.8. Balasti ya D2 haijapangwa kulisha D4, wala kinyume chake. Utapata taa inayowaka na kuzima, au isiyofika mwanga wake, au balasti inayokufa mapema. Soma maandishi kwenye kitako cha globu ya zamani. Usinunue kwa jina la gari, maana gari lilelile hubadilisha aina ya globu kati ya toleo na toleo.

Ziko pia D5S na D8S za wati 25, zenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 2,000 hivi badala ya 3,200. Hizo zilipunguzwa makusudi. Kanuni za Ulaya zinataka taa inayozidi lumeni 2,000 iwe na mfumo wa kujishusha yenyewe na wa kujisafisha kioo, kwa hiyo watengenezaji wa magari madogo walibaki chini ya mstari huo. Ukiona D8S haina pampu ya maji ya taa, hakuna kilichong'olewa.

---

Kijana_wa_Gerezani

Wakuu, nikivaa glavu nene za mpira siwezi kupima huku taa inawaka? Kuna kazi ambazo bila kuwasha huoni tatizo.

---

FundiWaya

Hapana mdogo wangu. Glavu za mpira za dukani hazijapimwa kwa volti, na tundu dogo kama la sindano linatosha kupitisha pigo. Glavu zinasaidia kwa joto, vipande vya kioo na usafi wa globu. Si ruhusa ya kugusa upande wa pigo.

Tena wako watu ambao hawapaswi hata kusimama karibu wakati taa inawashwa boneti likiwa wazi: wenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mteja mwulize. Wazee wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Na tatizo linaonekana bila kupima huko. Kama taa moja haiwaki, hamisha globu: ya kushoto iende kulia, ya kulia iende kushoto, kila safari betri ikiwa imechomolewa. Ubovu ukihama na globu, globu imekufa. Ukibaki upande uleule, tatizo ni kiwashi, balasti au umeme unaofika pale. Hapo sasa toa maltimita, upande wa volti 12. Plagi ya kuingia balasti, injini ikiunguruma, taa zikiwa zimewashwa, utafute volti 13.5 hadi 14.5. Kisha pima kati ya ethi (waya wa hasi unaokwenda bodini) ya balasti na hasi ya betri: ikizidi volti 0.3 kuna kutu kwenye ethi. Balasti inayopata umeme hafifu hujaribu kuwasha mara kadhaa kisha inajifungia, na kwa juu unaona kama globu mbovu.

Ukiwa na mita ya kukamatia waya, ifunge kwenye waya wa kuingia. Wakati wa kuwasha amperi zinapanda, zinaweza kupita 10, kwa sababu balasti inaisukuma globu kwa nguvu zaidi ya mara mbili ili ikolee haraka. Baada ya nusu dakika zinashuka hadi 3 na kidogo. Zikibaki juu, au zinapanda na kushuka bila kutulia, balasti au globu imechoka.

---

Taa_Tu

Hapo kwenye kupanda na kushuka niongeze dalili za globu, kwa sababu watu hununua balasti bure.

Globu ya zenoni haiungui ghafla mara nyingi. Inazeeka. Baada ya saa 2,000 na kuendelea mwanga unapungua polepole kiasi kwamba mwenye gari haoni. Kisha rangi inaanza kuelekea waridi au zambarau, kwa sababu volti ya globu imepanda na balasti haiwezi tena kuifikisha kwenye kazi yake. Mwisho inazima yenyewe ukiwa njiani, ukizima swichi na kuwasha inarudi. Hiyo ni balasti inajilinda. Dalili ya waridi ni globu karibu kila mara, balasti iacheni.

Badilisha mbili kwa pamoja. Mpya na ya zamani hazitalingana rangi wala nguvu.

Na kila kuwasha kunakula zile ncha za ndani. Dimu ya zenoni si ya kuwasha na kuzima kila dakika.

---

Kirinyaga_Autoelectric

Habari za jioni. Naandika kutoka Nairobi. Kitu kinachonisumbua ni watu kujaribu globu mezani: balasti kwenye benchi, betri pembeni, globu inashikwa na koleo, na watu wamezunguka wanaangalia. Hili likomeshwe.

Kwanza, globu ikiwa nje ya taa hakuna chochote kati ya pigo na mwili wako. Pili ni mionzi ya urujuanimno. Kichupa cha ndani kinatoa mionzi hiyo kwa wingi. Kinachoizuia ni mrija wa nje wa kioo, umechanganywa madini maalumu kwa kazi hiyo. Mrija wa nje ukiwa na ufa au umevunjika, taa bado inawaka vizuri tu, balasti haijui chochote. Macho ndiyo yanajua, saa kadhaa baadaye, yakiwasha na kutoa machozi kama ya mchomeleaji aliyeangalia cheche bila kioo. Ngozi nayo inaungua. Globu yenye mrija wa nje uliovunjika haijaribiwi hata sekunde moja.

Tatu, balasti isiwashwe bila globu. Pigo lisipopata njia yake linatafuta nyingine, kwa kawaida ndani ya kiwashi chenyewe, na insulesheni inatoboka. Unachomoa plagi ya globu "kuona kama kuna cheche," umeshaharibu kiwashi kilichokuwa kizima.

Jaribio linafanyika globu ikiwa imekaa kwenye taa, kifuniko kimefungwa, ukuta mbele. Angalia ukuta, usiangalie lenzi.

---

BiFyuzi

Naunga mkono kila neno. Na waya wa kati ya kiwashi na globu usikatwe, usiungwe, usirefushwe, usichomwe kwa tasta yenye sindano. Kitundu cha sindano kwenye waya wa volti 12 ni kosa dogo. Kwenye waya huu ni njia ya pigo kwenda bodini, na kila mvua itaipanua. Waya huo usifungwe pamoja na nyaya za sensa pia, redio itakwaruza na kompyuta ya gari inaweza kusoma vitu visivyokuwepo. Skrubu zote za balasti zirudi mahali pake, zote, kwa sababu ganda lake la chuma ni sehemu ya ethi.

Kabla ya kufunga, paka grisi ya silikoni ya umeme kidogo kwenye mpira wa plagi. Kidogo. Si ndani ya taa.

---

Kijana_wa_Gerezani

Asanteni sana wakubwa. Na hizi kiti za HID, yaani seti za globu na balasti za kufunga kwenye taa ya H4 au H7? Wateja wanazitaka kila siku.

---

Kirinyaga_Autoelectric

Msimamo wangu ni kuzikataa, na sababu ni ya umbo la mwanga.

Reflekta ya halojeni imechorwa kwa ajili ya waya unaowaka wa urefu fulani, mahali fulani, wenye kikofia kinachoficha sehemu ya mwanga. Cheche ya zenoni ina umbo jingine: imepinda kidogo kwenda juu na inang'aa zaidi kwenye ncha mbili. Ukiiweka humo, mwanga unaopanda juu ya mstari wa mkato (mpaka wa juu wa mwanga wa dimu) unakuwa mwingi. Dereva anaona barabara nyeupe mbele ya boneti na anafurahi. Anayekuja mbele haoni mtembea kwa miguu aliye kando ya barabara. Halojeni ya H7 ina lumeni 1,500 hivi, zenoni 3,200. Mara mbili ya mwanga, bila mpangilio.

Kiti za H4 zina mbinu ya kusogeza globu mbele na nyuma kwa sumaku ili kupata fulu na dimu. Sumaku ikikwama upande wa fulu, gari linatembea na fulu usiku mzima.

Wanaouza balasti za wati 55 wanaongeza tatizo la joto: reflekta inababuka, plastiki ya kitako inalainika.

---

Taa_Tu

Kuna gari limeshafungwa na mwenyewe hataki kutoa. Angalau nyaya zifanyweje? Nauliza kwa niaba ya wengi, maana moto wa boneti unaanzia hapo.

---

Kirinyaga_Autoelectric

Kwa ajili ya kuzuia moto tu, si kwa kuhalalisha. Umeme usitoke kwenye waya wa globu ya zamani. Swichi ya taa na nyaya zake zimepangwa kwa amperi 4 au 5 kwa globu, na hapa kila balasti inaweza kuvuta zaidi ya mara mbili wakati wa kuwasha. Vuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka chanya ya betri, fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka betri, amperi 30 kwa taa mbili. Waya wa globu wa zamani ubaki kuamsha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) tu. Ethi iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, au betri moja kwa moja. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, tafuta waya uliochubuka.

Na lile tundu walilotoboa kwenye kifuniko cha nyuma lizibwe kwa mpira wake. Usitumie silikoni yenye harufu ya siki. Mvuke wake unakula reflekta na inakuwa na ukungu usiofutika. Butili, ile gundi ya mpira, ndiyo ya kufungia taa.

---

MstariWaMkato

Wakuu, mmesema vizuri kuhusu umeme. Nije kwenye kuelekeza taa, sehemu ambayo gereji nyingi zinairuka kabisa. Globu mpya isiyoelekezwa ni kazi nusu.

Unahitaji sakafu bapa, ukuta wima, na mita 5. Kwanza tairi zote ziwe na upepo wake sawa, mzigo utolewe kwenye buti, mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva. Bonyeza gari chini mara kadhaa mbele na nyuma ili springi zitulie. Kama kuna kirekebishi cha taa kwenye dashibodi, kiwe 0. Kama gari linajirekebisha lenyewe, washa na usubiri litulie.

Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya lenzi. Tuseme ni sentimita 65. Angalia kwenye ganda la taa au kibandiko chini ya boneti, mara nyingi kuna asilimia imeandikwa, 1.0% au 1.3%. Asilimia 1 ina maana mwanga unashuka sentimita 1 kwa kila mita 1. Kwa mita 5 unashuka sentimita 5. Kwa hiyo bandika utepe ukutani kwenye sentimita 60 na mstari wa mkato ukae hapo. Ukikaa sentimita 65, mwanga umelala sambamba na barabara na kila tuta litaurusha machoni mwa watu. Ukiwa 60, dimu itagusa barabara kwenye mita 65 hivi. Hiyo ndiyo maana ya asilimia 1.

Bandika pia utepe wa wima mbele ya kitovu cha kila taa. Pale mstari wa mkato unapoanza kupanda kwenda kushoto, kile kiwiko kikae kwenye utepe huo. Rekebisha taa moja huku nyingine imefunikwa kwa kitambaa kilichoning'inizwa mbele bila kugusa kioo. Usiiache imefunikwa zaidi ya dakika moja mbili, plastiki inapata joto.

---

BiFyuzi

Na sensa ya nyuma. Gari lenye zenoni ya kiwandani mara nyingi lina sensa kwenye mkono wa sasipensheni ya nyuma, imeunganishwa na kijiti chenye vifundo viwili. Kwa barabara zetu kijiti hicho kinashika kutu na kuvunjika. Ikitokea hivyo, kompyuta haijui tena kama buti limejaa, na taa zinaweza kubaki juu au kushuka hadi mbele ya bampa. Kabla hujagusa skrubu za kuelekeza, ingia chini ya gari uangalie kijiti. Ukielekeza taa kwa skrubu huku sensa imekatika, siku sensa ikibadilishwa kila kitu kitakuwa kimepotoka.

Springi zikibadilishwa, au gari likiinuliwa kwa spesa, sensa inapangwa upya kwa kompyuta ya uchunguzi. Hili linasahaulika sana.

---

Gereji_Lubumbashi

Bonsoir wote. Sisi huku Congo tunaendesha kuume. Magari ya Japani yenye usukani wa kuume yanatufikia kwa wingi kupitia Dar na Zambia. Taa zake zinapandisha mwanga kushoto, na huku kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kushusha taa zaidi kunatosha?

---

MstariWaMkato

Karibu ndugu. Kushusha kunapunguza tu, hakuondoi. Utapoteza umbali wako wa kuona na bado kile kiwiko kitakuwa upande usiofaa. Baadhi ya projekta za zenoni zina kijiti kidogo ndani, nyuma ya kifuniko, cha kubadili kati ya kushoto na kuume, maana Ulaya watu huvuka kutoka Ufaransa kwenda Uingereza. Kitafute kabla ya kununua chochote. Taa iliyotengenezwa kwa soko la Japani pekee mara nyingi haina, hapo dawa ni kubadilisha taa nzima kwa zile za nchi zinazoendesha kuume. Huku kwetu tatizo ni hilohilo kwa upande wa pili: gari la usukani wa kushoto kutoka Dubai au Ujerumani linapandisha mwanga kuume, moja kwa moja usoni mwa anayekuja.

---

Kijana_wa_Gerezani

Wakubwa, globu mpya, balasti nzima, taa imeelekezwa, lakini bado mwanga hafifu. Toyota ya zamani kidogo, projekta.

---

Taa_Tu

Mambo mawili. Kioo cha nje kikiwa cha njano au kimekwaruzika, mwanga unatawanyika: wewe unaona hafifu na mwenzako anapofuka. Msasa wa maji 800, kisha 1500, 2000, 3000, halafu polishi. Lakini ukiishia hapo utarudi baada ya miezi michache, kwa sababu umekwangua ngozi ya kiwandani inayozuia jua. Lazima upulize rangi isiyo na rangi ya kuzuia urujuanimno, ile ya taa.

La pili ndilo wengi hawalijui. Toa globu, mulika tochi ndani ya projekta kupitia tundu lake. Bakuli la ndani linatakiwa kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Kama juu yake pamebabuka na kuwa kahawia au kijivu, limeungua kwa joto la miaka. Hakuna globu itakayolitibu, projekta inabadilishwa. Usilisugue, ile ngozi ya fedha ni nyembamba mno, inatoka na kitambaa.

Na usikimbilie globu ya 8000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) kutafuta nguvu. Globu za kiwandani ziko 4300K hivi, na hapo ndipo lumeni zilipo nyingi. Kadiri rangi inavyoelekea bluu ndivyo mwanga unavyopungua, na kwenye mvua na vumbi unarudi machoni mwako.

---

FundiWaya

Bado hatujagusa globu inapovunjika gereji, naona tuimalize.

Ikipasuka ikiwa ya moto, watu watoke, milango ifunguliwe, subirini dakika 15. Kama ni D1 au D2, hewani kuna mvuke wa zebaki. Kiasi ni kidogo, chini ya miligramu 1 kwa globu, lakini gereji iliyofungwa si mahali pa kuivuta. Usifagie kwa ufagio wala mashine ya kuvuta vumbi, inatawanya. Okota vipande kwa karatasi ngumu, vile vidogo vibandue kwa selotepu, pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Vyote, pamoja na kitambaa, viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza.

Globu nzima zilizochoka zirudi kwenye maboksi ya zile mpya, ziandikwe, zikusanywe. Zebaki ina mkataba wake wa kimataifa, wa Minamata, ulioanza kutumika 2017. Uliza mamlaka ya mazingira, kwa Tanzania NEMC, kwa Kenya NEMA, wanaosajili wakusanyaji wa taka hatarishi. Zisichomwe na takataka, wala zisipewe watoto wachezee.

---

Kijana_wa_Gerezani

La mwisho, betri. Kwenye haibridi kama Prius natoa ipi?

---

BiFyuzi

Ile ndogo ya volti 12 tu, na kwenye Prius nyingi iko nyuma, kwenye buti. Mlango wa nyuma unafunguka kwa umeme, kwa hiyo ukishatoa terminali usiufunge, utajifungia nje na betri ndani. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, hizo si za kazi hii. Hakikisha neno READY limezimika kwenye dashibodi, na ufunguo uwe mbali na gari kabla hujaweka mkono kwenye terminali. Baada ya kurudisha betri, vioo vya milango vinaweza kusahau kujifunga kwa mguso mmoja: shusha kioo, pandisha, na ushikilie swichi sekunde chache kikiwa juu. Kisha washa taa, subiri kama nusu dakika zikolee, na urudi ukutani kuangalia utepe.